Wakimbizi wa Vita vya Hispania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwanzoni mwa mwaka 1939, katika muda wa wiki mbili hivi, karibu watu nusu milioni walivuka milima ya Pirenei kwa miguu na kuingia Ufaransa. Wengi tuliosoma historia ya Ulaya shuleni tulifundishwa juu ya Hitler na Vita vya Pili vya Dunia, na Hispania ikapitwa kwa sentensi moja. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu watu hao na waliowatangulia: walitoka wapi, nani aliwafungulia mlango, na kwa masharti gani. Masharti ndiyo yaliyoamua maisha yao kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo maana yanajitokeza karibu kila jibu.

Walikuwa wakikimbia nini?

Julai 1936 sehemu ya jeshi la Hispania iliasi dhidi ya serikali ya Jamhuri, serikali iliyotokana na uchaguzi wa Februari mwaka huohuo. Uasi ulianzia Moroko, katika eneo lililotawaliwa na Hispania. Waasi walishindwa kuiangusha serikali kwa mkupuo, na serikali nayo ikashindwa kuwazima, nchi ikapasuka vipande viwili. Vita viliendelea hadi tarehe 1 Aprili 1939.

Jenerali Francisco Franco, kiongozi wa waasi, alipata ndege, silaha na wanajeshi kutoka Ujerumani na Italia. Jamhuri iliuziwa silaha na Urusi ya Kisovieti na ikasaidiwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Uingereza na Ufaransa zilishikilia mkataba wa kutoingilia kati, mkataba ambao Hitler na Mussolini walikuwa wameutia saini na kuuvunja mchana kweupe.

Pande zote mbili ziliua raia. Upande wa Jamhuri, hasa katika miezi ya mwanzo, maelfu ya mapadre na watawa waliuawa, na watu wa mrengo wa kulia walijificha kwenye balozi za Madrid kabla ya kutoroka nchi. Lakini wakimbizi wengi mno walikuwa watu wa Jamhuri, kwa sababu ndio walioshindwa. Tarehe 9 Februari 1939, kabla hata vita havijaisha, Franco alitoa Sheria ya Wajibu wa Kisiasa. Iliwaadhibu watu kwa mambo waliyoyafanya tangu Oktoba 1934, yakiwemo mambo yaliyokuwa halali kabisa wakati yalipofanyika, kama vile kuwa mwanachama wa chama fulani. Mwalimu wa kijiji aliyekuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi alikuwa na sababu ya kutosha ya kufunga mzigo.

Wote waliondoka mwaka 1939?

Hapana. Watu walihama kila upande wa Franco uliposonga mbele, na wengi walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao miaka miwili kabla ya kuvuka mpaka. Malaga ilipoanguka Februari 1937, familia nyingi zilishika barabara ya pwani kuelekea Almeria, mwendo wa kilomita 200 hivi, huku meli za kivita zikiwapiga makombora kutoka baharini na ndege zikiwapiga kutoka juu. Daktari Norman Bethune wa Kanada, aliyekuwa akiendesha huduma ya kuongeza damu, aligeuza gari lake kuwa la kubeba watoto na wazee, akaenda na kurudi kwenye barabara hiyo.

Kisha ikafuata kaskazini. Mji mdogo wa Guernica, katika eneo la Wabaski, ulipigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitaliano tarehe 26 Aprili 1937, na Bilbao ikaanguka tarehe 19 Juni. Katalonia ilifuata mwanzoni mwa 1939, na mwisho kabisa bandari za kusini mashariki.

Ni kweli watoto walipelekwa nje peke yao?

Ndiyo, zaidi ya 30,000. Wengi walikwenda Ufaransa, maelfu wakaenda Ubelgiji, karibu 4,000 Uingereza, karibu 3,000 Urusi ya Kisovieti, na 456 Meksiko.

Safari inayojulikana zaidi ni ya meli *Habana*, iliyong'oa nanga karibu na Bilbao tarehe 21 Mei 1937 na kufika Southampton siku mbili baadaye. Ilibeba karibu watoto 4,000, mara kadhaa ya idadi ya abiria iliyotengenezwa kubeba, pamoja na walimu wa kike, wasaidizi na mapadre wachache. Kila mtoto alifungwa kwenye nguo kipande cha kadibodi chenye pembe sita, kimeandikwa namba yake. Wazazi waliambiwa ni miezi mitatu tu.

Southampton ilikuwa bado na bendera na mapambo ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita, na watoto wakadhani mji umepambwa kwa ajili yao. Walipimwa afya, wenye chawa wakapelekwa kuogeshwa na kunyolewa, kisha wote wakapelekwa kwenye kambi ya mahema katika mashamba ya North Stoneham, nje kidogo ya mji. Ndege ilipopita juu walikimbia kutafuta pa kujificha. Habari za kuanguka kwa Bilbao zilitangazwa kambini kwa vipaza sauti. Watoto walilia kwa pamoja, na baadhi ya wavulana wakubwa wakatoka nje ya kambi wakitaka kurudi kupigana.

Na masharti? Serikali ya Uingereza ilikubali waingie kwa sharti kwamba hazina isitoe hata senti. Kamati iliyowaleta ilitakiwa kuthibitisha shilingi 10 kwa wiki kwa kila mtoto, fedha zote zikitoka kwa wananchi. Zilipatikana. Vyama vya wafanyakazi, Waquaker, Kanisa Katoliki, Jeshi la Wokovu na watu wa kawaida walichanga na kufungua vituo nchi nzima, na watoto wenyewe walizunguka wakicheza ngoma za Kibaski ili kuchangisha. Mimi huona fahari kubwa katika habari hii, na aibu pia: fahari ni ya wachangaji, aibu ni ya serikali iliyowaachia watu wake jukumu la taifa.

Wengi walirudishwa Hispania ndani ya miaka mitatu, wengine kwa wazazi waliokuwa gerezani au wasio na nyumba tena. Mia kadhaa walibaki Uingereza maisha yao yote.

Waliokwenda Urusi walitunzwa vizuri sana mwanzoni, katika nyumba maalumu zenye walimu wa Kihispania. Wajerumani walipovamia mwaka 1941 wakahamishwa tena, mashariki, safari hii kwa njaa na baridi. Walioruhusiwa kurudi kwao kwa wingi walirudi 1956 na 1957, wakiwa watu wazima wanaozungumza Kirusi, na mama zao hawakuwatambua.

Nini kilitokea mpakani Januari na Februari 1939?

Barcelona ilianguka tarehe 26 Januari. Barabara zote za kaskazini zilikuwa tayari zimejaa watu, punda, mikokoteni, baiskeli, magari yaliyoishiwa mafuta, na wanajeshi waliojeruhiwa waliotoka hospitali kwa magongo. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Watu walianza safari na cherehani na magodoro. Njiani walivitupa, wakabaki na mtoto na blanketi.

Ufaransa ilikuwa imefunga mpaka. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari iliufungua kwa wanawake, watoto, wazee na majeruhi. Wanajeshi wa Jamhuri waliruhusiwa kuanzia tarehe 5 Februari, kwa sharti la kusalimisha silaha, na pale Le Perthus bunduki zilirundikwa kandokando ya barabara kama kuni. Siku chache baadaye majeshi ya Franco yakafika na kusimama mpakani. Kwa jumla walivuka watu wapatao 475,000. Wahispania wenyewe huita tukio hili *la Retirada*, yaani kurudi nyuma.

Jambo la kwanza walilofanyiwa ni kutenganishwa. Wanaume wenye umri wa kupigana walipelekwa ufukweni, wanawake na watoto wakapandishwa treni zilizowasambaza katika wilaya za mbali za Ufaransa, bila kuambiwa wanakokwenda. Mume hakujua mke wake yuko wapi. Kwa miezi kadhaa magazeti ya wakimbizi yalichapisha safu za matangazo ya watu wanaotafutana: jina, kijiji, mara ya mwisho kuonana.

Mshairi Antonio Machado alivuka katika umati huo pamoja na mama yake mzee. Walifika hadi Collioure, mji mdogo wa pwani, wakakaa kwenye hoteli ndogo. Alifariki tarehe 22 Februari, na mama yake akamfuata siku tatu baadaye.

Kambi zilikuwaje?

Watu husoma neno "kambi" wakafikiria mahema au vibanda. Argelès-sur-Mer haikuwa na hata hivyo. Ilikuwa mchanga, bahari upande mmoja, na waya wa seng'enge pande tatu zilizobaki. Watu makumi elfu waliingizwa humo Februari, wakachimba mashimo kwenye mchanga kwa mikono na kujifunika mablanketi. Upepo mkali wa kaskazini, tramontana, uliinua mchanga hadi ukaingia kwenye macho, nguo na chakula. Mikate ilirushwa kutoka juu ya malori kwenye umati. Maji yalivutwa kwa pampu zilizochomekwa mchangani karibu na mahali watu walipojisaidia, yakawa ya chumvi na machafu. Choo kilikuwa bahari. Kuhara damu, upele na nimonia vikaua watu, watoto na wazee kwanza.

Saint-Cyprien na Le Barcarès zilikuwa hapo jirani kwenye pwani hiyohiyo. Baadaye zikafunguliwa kambi nyingine: Bram, Agde, Septfonds, na Gurs karibu na eneo la Wabaski. Le Vernet ilitumika kwa wale walioonekana hatari, hasa wanaanakisti, watu wanaopinga serikali ya aina yoyote, wa kikosi kilichoitwa kwa jina la kiongozi wao, Durruti. Vibanda vilijengwa baada ya wiki na miezi, mara nyingi na wafungwa wenyewe.

Hata hapo watu walijipanga. Walimu walifungua madarasa ya kusoma na kuandika, wachoraji wakachora, wanafunzi wakatoa magazeti ya kuandikwa kwa mkono.

Vipi wajawazito na watoto wachanga?

Mtoto aliyezaliwa ufukweni hakuwa na nafasi kubwa ya kuishi. Mwalimu kijana kutoka Uswisi, Elisabeth Eidenbenz, aliona hali hiyo na kutafuta fedha, akakarabati jumba kubwa lililoachwa huko Elne, kilomita chache kutoka kambini, likawa nyumba ya kujifungulia. Lilifanya kazi kuanzia Desemba 1939 hadi Wajerumani walipolifunga Aprili 1944, na watoto 597 walizaliwa humo. Mama alichukuliwa kambini wiki chache kabla ya kujifungua, akala, akalala kitandani kwenye shuka safi, kisha akakaa muda baada ya uzazi. Baadaye walikuja pia mama wa Kiyahudi na Waroma, na Eidenbenz aliwaficha kwa majina ya uongo. Hakuwa na cheo serikalini wala jeshi nyuma yake. Nikisikia mtu akisema kwamba wakati ule haikuwezekana kufanya zaidi, namkumbuka yeye.

Kwa nini Ufaransa, nayo ikiwa jamhuri, iliwatendea hivyo?

Wapo wanaojibu kwamba ilizidiwa, na ni kweli: hakuna serikali iliyojiandaa kwa idadi ile katika wiki mbili. Lakini jibu hilo halitoshi. Novemba 1938 serikali ya Waziri Mkuu Daladier ilikuwa imekwisha kutoa amri iliyoruhusu kuwafungia "wageni wasiotakiwa", na kambi ya kwanza ya aina hiyo, Rieucros, ilifunguliwa Januari 1939, kabla ya wimbi la Katalonia. Magazeti ya mrengo wa kulia yaliwaita wakimbizi wekundu, wauaji na waleta magonjwa. Serikali iliogopa gharama, iliogopa siasa zao, na ilitaka warudi kwao haraka. Kambi mbaya ilikuwa pia njia ya kuwashawishi warudi, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya nusu walikuwa wamerudi.

Haimaanishi Wafaransa wote walikuwa hivyo. Walimu, mameya wa vijiji na vyama vya wafanyakazi walitoa nguo, maziwa na vyumba.

Afrika inaingia wapi katika habari hii?

Mahali pengi. Franco alipigana akitumia maelfu ya askari wa Kimoroko walioandikishwa kutoka vijiji maskini vya Rif. Upande wa pili wa mpaka, kati ya waliowekwa kulinda kambi za ufukweni walikuwa askari wa Kiafrika wa jeshi la kikoloni la Ufaransa, waliojulikana kama wapiganaji wa Senegal. Kumbukumbu nyingi za wakimbizi zinawataja kwa hofu na kwa chuki ya rangi. Mimi nasoma kurasa hizo nikiwaonea uchungu wote wawili: Mhispania aliyefungiwa, na kijana wa Afrika Magharibi aliyechukuliwa kwao na kupewa kazi ya kumlinda mtu ambaye hana ugomvi naye.

Tena Afrika Kaskazini ilikuwa kimbilio. Jeshi la majini la Jamhuri lilikimbilia Bizerte, Tunisia, Machi 1939, likiwa na watu wapatao 4,000. Na tarehe 28 Machi, katika bandari ya Alicante, nahodha Archibald Dickson wa Cardiff alikuwa na amri ya kupakia machungwa, tumbaku na zafarani kwenye meli yake ya mizigo, *Stanbrook*. Aliiona gati imejaa watu waliokata tamaa, akaacha shehena na kupakia watu: 2,638, wamesimama hadi juu ya paa la jiko, meli ikiwa imezama kuliko alama inayoruhusiwa. Ilifika Oran, Algeria. Hapo wakuu wa Kifaransa waliwaruhusu wanawake na watoto kushuka kwanza, na wanaume wengi wakabaki melini kwa zaidi ya mwezi, bila nafasi ya kulala wala maji ya kutosha.

Maelfu waliobaki gatini Alicante walikamatwa na askari wa Italia siku chache baadaye. Dickson mwenyewe alikufa Novemba mwaka huohuo, meli yake ilipozamishwa na Wajerumani.

Wakimbizi wa Oran nao walipelekwa kambini. Chini ya serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, wengi walilazimishwa kujenga reli ya kuvuka Sahara kutoka Colomb-Béchar, kwenye joto kali, kwa adhabu za kikatili. Sehemu hii haitajwi sana hata Hispania.

Nchi gani iliwapokea kama watu?

Meksiko, kuliko zote. Rais Lázaro Cárdenas aliiuzia Jamhuri silaha wakati wengine walikataa, na baadaye akafungua mlango kwa wakimbizi wapatao 20,000 au zaidi. Meli *Sinaia* iliondoka Sète tarehe 25 Mei 1939 na kufika Veracruz tarehe 13 Juni na abiria wapatao 1,600, na bandarini walilakiwa kwa muziki na mabango. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye karatasi: waliruhusiwa kufanya kazi na kuomba uraia. Mwanafalsafa alifundisha, daktari alitibu, mchapaji alichapa. Taasisi ambayo serikali ya Meksiko iliianzisha mwaka 1938 kwa ajili ya wasomi wa Kihispania, Casa de España, ndiyo leo El Colegio de México.

Balozi mdogo wa Meksiko mjini Marseille, Gilberto Bosques, alikodi majumba mawili makubwa na kuwahifadhi mamia ya wakimbizi humo huku akiwatafutia viza na meli. Na Rais wa zamani wa Jamhuri, Manuel Azaña, alipofariki Montauban Novemba 1940, wakuu wa Ufaransa walikataza bendera ya Jamhuri. Jeneza lake lilifunikwa bendera ya Meksiko.

Chile ilipokea zaidi ya 2,000 kwa meli *Winnipeg*, iliyopangwa na mshairi Pablo Neruda kwa idhini ya Rais Pedro Aguirre Cerda. Ilifika Valparaíso tarehe 3 Septemba 1939, siku ambayo Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Basi kila aliyetaka kwenda Meksiko alikwenda?

La. Nafasi zilikuwa chache, nauli ililipwa na mifuko ya Jamhuri iliyo uhamishoni, na vyama viligombania orodha: wasoshalisti, wakomunisti na wanaanakisti kila mmoja akidai wenzake wamependelewa. Mkulima asiyemjua mtu alibaki nyuma ya waya. Isitoshe, Meksiko hiyohiyo iliwakatalia Wayahudi wengi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Wale watoto 456 nao, waliopelekwa shule ya bweni mjini Morelia mwaka 1937, walishangiliwa kwenye picha kisha wakaishi kwa upungufu na nidhamu kali. Wengi hawakurudi Hispania kamwe. Ukarimu wa kweli una mipaka yake, na kuutaja mpaka hakupunguzi shukrani.

Waliobaki Ufaransa walipatwa na nini vita vikuu vilipoanza?

Wengi waliingizwa kwenye makampuni ya wafanyakazi wa kigeni, wakapelekwa kujenga ngome za mpakani. Wajerumani walipowateka mwaka 1940, serikali ya Franco haikuwadai kama raia wake. Zaidi ya 7,000 walipelekwa Mauthausen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Austria, wakavalishwa pembetatu ya buluu ya watu wasio na nchi. Kiasi cha theluthi mbili walikufa, wengi kwa kubeba mawe kwenye ngazi 186 za machimbo. Agosti 1940 treni ilitoka Angoulême na wakimbizi 927, familia nzima nzima. Pale Mauthausen wanaume na wavulana wa kuanzia miaka 13 hivi waliteremshwa. Mama na mabinti wakarudishwa kwa Franco. Mpigapicha Francesc Boix, mfungwa wa huko, alificha filamu za picha za Wanazi na kutoa ushahidi kwenye kesi ya wakuu wa Kinazi mjini Nuremberg mwaka 1946.

Wengine walishika silaha tena. Kikosi cha kwanza cha Washirika kuingia Paris jioni ya tarehe 24 Agosti 1944 kilikuwa kampuni ya tisa ya Kikosi cha Chad cha jeshi la Ufaransa, na wengi wa askari wake walikuwa Wahispania. Magari yao ya deraya yaliandikwa *Guadalajara*, *Teruel*, *Guernica*.

Walitambuliwa lini kisheria kuwa wakimbizi?

Ufaransa iliwapa hadhi hiyo Machi 1945, miaka sita baada ya kuwafungia ufukweni. Katiba ya Shirika la Kimataifa la Wakimbizi ya mwaka 1946, shirika lililotangulia UNHCR ya leo, iliwataja Wahispania wa Jamhuri kwa jina.

Waliweza kurudi nyumbani?

Franco aliahidi kwamba asiye na damu mikononi hana cha kuogopa. Wengi walioamini walikamatwa mpakani. Makosa ya wakati wa vita yalifutiwa mashtaka mwaka 1969, na Franco alifariki Novemba 1975. Meksiko, ambayo haikuwahi kuitambua serikali yake, ilirudisha uhusiano na Hispania Machi 1977. Kufikia hapo watoto walikuwa wameoa na kuolewa ugenini, na wajukuu walizungumza Kihispania cha Meksiko au Kifaransa cha Toulouse.

Wajukuu wao waliweza kudai uraia wa Hispania?

Sheria ya mwaka 2007 ilitoa nafasi ya kwanza, na Sheria ya Kumbukumbu ya Kidemokrasia ya Oktoba 2022 ikaipanua kwa watoto na wajukuu wa waliokimbilia nje, wakiwemo wale ambao mama zao walipoteza uraia kwa kuolewa na wageni. Muda wa maombi uliongezwa mwaka mmoja, ukaisha Oktoba 2025. Foleni ndefu zaidi zilikuwa kwenye ofisi za ubalozi za Amerika ya Kusini na Karibi. Shida ya wengi ilikuwa ileile ya babu zao: karatasi, kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa vilibaki kwenye vijiji walivyovikimbia.